Kabla ya kuomba tuta: mwongozo wa kuifanya barabara ya mtaa iwe salama kwa wenye miguu na baiskeli

Zebra ya kwanza kuchorwa mtaani kwetu, pembezoni mwa Dar es Salaam, iliishia mtaroni. Mistari mieupe ilianzia upande wa shule, ikakata lami mita 7, ikagota kwenye mtaro wazi unaomfika mtoto kiunoni. Hapakuwa na slabu wala kidaraja. Watoto wakaendelea kuvukia pale pale pa siku zote, hatua 40 mbele, kwenye ubao alioutandika muuza chipsi. Fundi alipaka, akapiga picha, akaondoka. Na wala hakukosea: tuliomba zebra, tukapewa zebra.

Mwongozo huu ni kwa mwenyekiti wa mtaa, kamati ya shule, wazazi, au mkazi yeyote aliyechoka kuhesabu misiba kwenye barabara ileile. Nazungumzia barabara tunazozijua wote: lami ya njia mbili, daladala na bodaboda, fremu za maduka pande zote, shule, msikiti, duka la dawa, na watu wengi sana wanaotembea pembeni kwa sababu hawana pengine pa kupita. Ziko Mbagala, Goba, Kivule, Chanika, na ziko Mwanza na Arusha vilevile. Msomaji wa Kenya abadilishe majina ya ofisi, mengine mengi yanafanana.

Hatua ya kwanza: jua barabara ni ya nani

Hapa watu wengi hupoteza mwaka mzima. Tanzania Bara, barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya, zikiwemo nyingi za mitaani, ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Kenya kuna KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini na KeRRA kwa za vijijini. Barua ya barabara ya TANROADS ukiipeleka TARURA, haitatupwa, ila italala. Nenda kwa mtendaji wa kata umuulize barabara yenu iko kwenye orodha ya nani. Kama inajengwa au inakarabatiwa chini ya mradi, uliza pia mkandarasi atakabidhi lini, kwa sababu kuongeza slabu tatu wakati mitambo bado iko kazini ni rahisi mno kuliko kuirudisha mitambo baadaye.

Ukiwa hapo hapo ofisini, uliza mipaka ya hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati; za wilaya ni nyembamba zaidi. Wengi wetu tunaikumbuka hifadhi kwa ile X nyekundu ukutani, lakini ina upande wake mzuri: ndiyo ardhi ya kupitishia njia ya miguu bila kumlipa mtu fidia.

Hatua ya pili: simama barabarani na daftari

Kila mtu mtaani anajua shida ni nini. Muulize dereva, atasema watoto hawajui kuvuka. Muulize mzazi, atasema bodaboda. Bodaboda atasema daladala, na konda atasema machinga. Wote wana ukweli kidogo, ndiyo maana kabla ya kikao chochote lazima watu wawili wakasimame pembeni na kuandika wanachokiona kwa macho yao.

Chagueni siku mbili za kawaida za wiki na Jumamosi moja. Saa zenyewe ziwe hizi: saa 12 na nusu hadi saa 2 asubuhi, watoto na wafanyakazi wanapotoka, saa 6 hadi saa 8 mchana, madarasa ya chini yanaporuhusiwa, na saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Hiyo ya mwisho msiiruke hata mkichoka. Giza linapoingia, barabara hugeuka kitu kingine kabisa.

Andikeni wanaovuka na wanavukia wapi hasa. Si "karibu na shule," bali "mbele ya genge la pili, kati ya nguzo ya umeme ya 4 na ya 5." Hesabuni watoto peke yao, watu wazima peke yao, na baiskeli peke yake, mkitenganisha baiskeli tupu na ile iliyobeba gunia la mkaa au makreti, kwa sababu hiyo ya pili hupepesuka na inahitaji nafasi pana. Andikeni mahali ambapo mtembea kwa miguu hulazimika kushuka kwenye lami, na kilichomshusha: dimbwi, gari lililoegeshwa, tofali za mtu anayejenga, mtaro uliobomoka. Na andikeni kila mara mtu aliporuka nyuma, dereva alipofunga breki kwa nguvu, au mtoto alipokimbia. Hizi ajali zilizokosa kutokea zina thamani kuliko mnavyodhani. Ajali yenyewe huja mara moja kwa miezi kadhaa, ila kukoswakoswa utakuona mara tano asubuhi moja, mahali palepale.

Halafu mkaongee na watu ambao hawaji kwenye mikutano. Mama lishe anayepika pembeni kuanzia alfajiri amewaona wote waliogongwa pale. Mwenye duka la dawa anajua wanaokuja kununua bandeji. Mwalimu wa zamu anajua ni watoto wangapi hutokea upande wa pili. Kwa ajali zilizoripotiwa, mwenyekiti anaweza kuandika barua kituo cha polisi, kitengo cha usalama barabarani, lakini kumbuka kwamba ajali nyingi za baiskeli na za mtoto "aliyekwaruzwa kidogo" huishia kwa fundi au zahanati, wala hazifiki polisi.

Hatua ya tatu: pima mwendo kwa simu

Trafiki ana tochi ya kupimia mwendo. Wewe una simu yenye saa ya kusimamisha, na inatosha.

Tafuteni kipande kilichonyooka. Pimeni mita 50 kwa kamba ya mjenzi au futi ya mita, mweke alama ya chokaa kila mwisho, pembeni ya lami. Mmoja akae mahali asipoonekana sana, maana madereva wakiona watu na daftari hupunguza wenyewe. Tairi la mbele likigusa alama ya kwanza, bonyeza. Likigusa ya pili, bonyeza tena. Kisha chukua 180 uigawe kwa sekunde ulizopata. Jibu ni kilomita kwa saa. Gari lililotumia sekunde 6 lilikuwa kwenye 30. Sekunde 3.6 ni 50, na sekunde 3 ni 60. Sekunde mbili na nusu ni 72, na mkiiona hiyo mbele ya shule mtaelewa kwa nini mnafanya kazi hii.

Pimeni magari 100 yanayokwenda bila kuzuiwa na foleni, mkichanganya daladala, bajaji, pikipiki, malori na magari madogo. Yapangeni kuanzia la polepole hadi la kasi. Namba ya gari la 85 ndiyo ya kuandika kwenye barua, kwa kuwa wahandisi huitumia kusema barabara inaendeshwa kwa mwendo gani. Wastani utawaficha wale 15 wanaoua.

Na kwa nini mwendo uje kwanza, kabla ya zebra, kabla ya elimu? Piga hesabu hii na watoto wako. Dereva akishtuka, hupita kama sekunde moja na nusu kabla mguu haujaikamata breki vizuri. Kwenye lami kavu na breki nzima, gari la 30 litasimama ndani ya mita 18 hivi. La 50 litahitaji kama mita 35. La 60 litakula mita 45. Sasa mtoto wa darasa la kwanza huvuka lami ya mita 7 kwa sekunde 7. Katika sekunde hizo, gari la 60 limeshakata mita 117. Mtoto alipoangalia kulia hakuliona, au aliliona mbali kama kidoti, akaingia. Hakukosea hesabu, hesabu hiyo hata mtu mzima haiwezi kichwani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na watu wa pikipiki. Mawaziri waliokutana Stockholm Februari 2020 walikubaliana kwamba pale watu na magari wanapochangamana, kikomo kiwe 30. Sheria yetu inaruhusu 50 kwenye makazi. Hamuwezi kuibadili sheria kutoka ofisi ya mtaa, lakini mnaweza kuomba barabara ijengwe kiasi kwamba hata anayetaka 50 asiipate mbele ya shule.

Hatua ya nne: weka yote kwenye karatasi moja

Chukueni karatasi ya manila. Choreni barabara kama mstari mnene, mweke vitu ambavyo kila mkazi anavijua: kalavati, kona, shule, vituo, transfoma. Kisha rangi. Nyekundu kwa kila ajali mliyoisikia kwa watu wawili au zaidi, ya njano kwa kukoswakoswa, ya bluu kwa wanakovukia watu, nyeusi kwa mahali ambapo njia ya pembeni imekatika. Ibandikeni ukutani ofisi ya mtaa wiki moja, na peni pembeni, watu waongeze.

Kitakachotokea karibu kila mara ni kwamba rangi hazitasambaa. Zitajikusanya sehemu tatu au nne, na pengine moja haikuwa kichwani mwa mtu yeyote. Kwetu sote tulidhani shida ni geti la shule. Ramani ikaonesha kituo cha daladala mita 150 juu yake: abiria walikuwa wakishuka na kupita mbele ya daladala, na bodaboda inayotanua pembeni ikiwapata.

Hatua ya tano: chagua dawa, ukianza na mwendo

Tuta ndilo watu huomba kwanza, na ndilo linaloharibiwa zaidi. Tuta zuri si kali. Vipimo vinavyotumika sana ni kimo cha sentimita 10 na urefu wa mita 3.7 kwa mgongo wa mviringo, ili gari lipande na kushuka kwa kama 30 bila kuruka. Lile tuta fupi kama gogo, ambalo wakazi hujitengenezea usiku kwa udongo na mawe, huvunja shokomzoba za bajaji, humwangusha mwenye pikipiki, na gari la wagonjwa hulilaani. Tena ni kosa kuweka kitu barabarani bila idhini. Tuta moja peke yake nalo halisaidii kitu. Dereva hulivuka, akakanyaga mafuta kwa hasira, na mita 100 mbele ana kasi kuliko mwanzo. Yawekwe kwa mfululizo, kama mita 80 hadi 120 kutoka moja hadi jingine, yapakwe rangi, yawe na kibao kabla, na pawe na taa. Yasiwekwe kwenye kona wala juu ya kalavati.

Angalieni pia kingo zake. Fundi huacha upenyo pembeni ili maji yapite, na ndani ya wiki moja upenyo huo unakuwa barabara ya bodaboda, yaani umeihamisha pikipiki kutoka kwenye lami ukaipeleka kwa watembea kwa miguu. Ombeni nguzo fupi za zege, moja au mbili, kila upande wa tuta.

Rasta, zile tuta ndogondogo za kutikisa gari, ni za kumwamsha dereva anayetoka barabara kuu kuingia makazi. Hazipunguzi mwendo sana, na kelele yake usiku ni mateso. Zisiwekwe mbele ya nyumba za watu wala zahanati.

Kwa shule, mimi ningeacha vyote nikaomba zebra iliyoinuliwa: tuta bapa, juu tambarare kwa upana wa mita 4 hivi, mistari imepakwa juu yake. Hapo gari ndilo linalopanda kwenye njia ya mtoto, badala ya mtoto kushuka kwenye njia ya gari. Mama mwenye mtoto mgongoni na mtu wa kiti cha magurudumu huvuka bila kushuka. Shirika la usalama barabarani la Amend, lililoanzia kazi zake nyingi Dar es Salaam, lilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019 kwa vitu vya namna hii kuzunguka shule za msingi: njia za miguu, nguzo za zege, matuta, zebra, vibao, na hata geti jipya la shule. Hili la geti lifikirieni kwa uzito. Shule nyingi zina barabara ya vumbi nyuma yake. Kutoboa ukuta na kuhamishia geti huko ni kazi ya fundi uashi wa siku mbili tatu, na watoto mia kadhaa hawamwagiki tena kwenye lami kengele ikilia.

Zebra popote ilipo inahitaji mambo manne, na mkikosa moja msiipokee. Iwe pale watu wanapovuka tayari, sio pale panapopendeza kwenye mchoro. Iwe na mahali pa kufikia pande zote mbili: slabu juu ya mtaro, yenye upana sawa na zebra. Mvukaji na dereva waonane, kwa hiyo kusiwe na maegesho, banda wala mti mnene kati ya zebra na gari linalokuja. Na mwendo uwe umeshapunguzwa kabla yake. Rangi peke yake kwenye barabara ya 60 humpa mtoto ujasiri bila kumpa ulinzi, na hapo ni afadhali isingekuwepo.

Barabara ikiwa pana kuliko njia mbili, ombeni kisiwa cha katikati, upana usipungue mita 2 ili mtu na baiskeli yake atoshee. Sababu ni gari la pili. La kwanza linasimama, dereva muungwana anampungia mtoto mkono, na la nyuma yake linachomoka kulipita bila kujua kwa nini mwenzake kasimama. Kisiwa humfanya mtoto avuke upande mmoja kwa wakati mmoja, na mstari wa kusimamia magari ukirudishwa mita 5 nyuma ya zebra, gari lililosimama halimfichi.

Kuhusu vituo: zebra iwe nyuma ya daladala lililosimama, sio mbele yake. Kwa maneno mengine, gari lipite zebra kwanza ndipo lisimame. Abiria akishuka, atavukia nyuma, anaonekana, na konda akigonga bodi gari liondoke hakuna aliye mbele ya bampa.

Njia ya miguu yenyewe ni jambo rahisi ambalo hufanywa vibaya kila siku. Upana wa mita 1.8 hadi 2 ulio wazi kabisa, bila nguzo ya umeme katikati. Mtaro wenye slabu imara ni njia ya miguu tayari, msidharau hilo. Barabara nyingi za mitaani hazina nafasi nyingine. Lakini slabu moja ikikosekana kati ya 50, njia imekufa, kwa sababu mwenye kufahamu ile shimo hutembea kwenye lami tangu mwanzo. Ukingo uinuke sentimita 15 kuzuia wanaotanua, na ushuke tambarare kwenye zebra. Kila barabara ya vumbi inapoingia, njia ya miguu iendelee moja kwa moja kwa kimo chake, gari ndilo lipande.

Baiskeli

Nimeipa baiskeli kichwa chake kwa sababu kwenye michoro huwa haipo. Umoja wa Waendesha Baiskeli, UWABA, umekuwa ukilisema hili Dar es Salaam kwa miaka mingi.

Tembeeni barabara yote kwa baiskeli. Mtu mmoja wa kamati, hata kwa baiskeli ya kuazima, kutoka mwanzo hadi mwisho na kurudi, asubuhi ya foleni. Mimi niliifanya mara moja, na katika kilomita 2 nilijifunza kuliko vikao vitatu. Kwanza, ukingo wa lami. Mahali pengi lami imeinuka kiganja kizima kuliko udongo wa pembeni. Lori likikupigia honi nyuma, huwezi kushuka bila kuanguka, na ukishuka huwezi kupanda. Kujaza kifusi na kushindilia kingo ni ombi dogo ambalo TARURA inaweza kulifanya kwenye matengenezo ya kawaida. Pili, vifuniko vya chemba vyenye nondo zilizolala kwa mwelekeo wa safari. Tairi jembamba linazama humo. Zigeuzwe zikate njia. Tatu, mchanga unaoletwa na mvua kwenye miteremko, ambao kwa gari si kitu ila kwa baiskeli ni sabuni.

Nafasi ikiwepo, njia ya baiskeli iwe na mita 1.5 kama chini kabisa, mita 2 kama kuna guta na baiskeli za mizigo. Itenganishwe na magari kwa mawe ya ukingo au nguzo, kwa kuwa mstari mweupe tu ni mwaliko wa kutanua na kuegesha. Nafasi ikikosekana, basi mwendo wa magari ushushwe hadi 30 ili baiskeli na gari vichangie lami bila vita. Hakuna njia ya tatu. Kwenye makutano, ombeni kona ibanwe: kona pana humruhusu dereva kukata bila kupunguza, naye humfunga mwenye baiskeli anayenyoosha. Kona ikibanwa, atageuka polepole, apende asipende.

Usiku: kiakisi chekundu nyuma, cheupe mbele, hata vya bei ya chini. Taa za kawaida za gari zilizoinamishwa humwonesha mtu wa nguo nyeusi akiwa karibu sana, na gari la 60, tulishaona, linataka mita 45. Taa ya barabarani iwekwe kidogo kabla ya zebra kwa upande gari linakotokea, mwanga umpige mvukaji ubavuni anapotazamwa. Za sola ni nzuri, ila betri iwekwe juu nguzoni. Zilizowekwa chini zote mnajua zilikokwenda.

Hatua ya sita: wenye magenge na vijiwe

Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa pembezoni mwa barabara nchi nzima, na kila anayetembea mjini ameona waliorudi. Mama wa genge yuko pale kwa sababu wateja wake ni hao hao wanaotembea. Kaeni naye kabla ya mhandisi hajaja. Pimeni kwa chokaa mita 2 za kupita zisizoguswa, na nyuma yake mita moja na nusu za meza, na kila mmoja akubali mstari wake. Mwenye meza aliyekubali mstari mbele ya wenzake huulinda, na humfukuza mwenye gari anayeegesha juu yake kwa lugha ambayo mgambo haiwezi.

Kijiwe cha bodaboda kisiwe kwenye zebra wala kona. Kisogezwe mita 20 tu, kwenye kivuli, kwa makubaliano na viongozi wao. Wana uongozi, wana daftari la wanachama, na wanaheshimu ahadi kuliko wanavyosifiwa.

Hatua ya saba: barua yenye kichwa na miguu

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na mipango yake huandikwa miezi mingi kabla. Barua inayofika Mei inaomba pesa zilizokwisha pangwa. Lenga kufikisha kabla ya Novemba. Ipitie mkutano wa mtaa, muhtasari uambatanishwe, ipite kwa mtendaji wa kata, nakala kwa diwani, mwalimu mkuu na mkuu wa usalama barabarani wa wilaya. Iwe ukurasa mmoja na viambatisho. Kiini chake kiwe hivi:

"YAH: OMBI LA KUPUNGUZA MWENDO NA KUWEKA KIVUKO KATI YA KALAVATI LA PILI NA GETI LA SHULE. Tumehesabu wavukaji 640, kati yao watoto 410, kati ya saa 12:30 na saa 2:00 asubuhi. Tumepima magari 100; la 85 lilikwenda kilomita 58 kwa saa. Tunaomba kwa mpangilio huu: (1) zebra iliyoinuliwa kwenye nguzo ya 4, pamoja na slabu pande zote, (2) tuta moja kabla na moja baada, (3) kusogeza kituo cha daladala mita 25 kuelekea mashariki. Fedha zisipotosha, tunaomba namba 1 ikamilike yote kuliko zote tatu nusunusu."

Namba hizo ni za mfano, wekeni zenu. Sentensi ya mwisho msiifute. Inamwondolea mhandisi kishawishi cha kugawa kidogo kidogo, na ndivyo zebra za kuishia mtaroni zinavyozaliwa.

Kwa vitu vidogo vya mamilioni machache, jaribuni pia Mfuko wa Jimbo kupitia ofisi ya mbunge, na kampuni au kiwanda kilicho kwenye barabara hiyo. Lakini mchango wa mtu binafsi usianze kujengwa bila barua ya idhini ya mwenye barabara.

Hatua ya nane: kuweni pale fundi anapofanya kazi

Ombeni mhandisi afike mtembee naye kwa miguu, saa 1 asubuhi, sio saa 5 barabara ikiwa imelala. Mwachieni avuke na watoto. Siku ya kujenga, mtu mmoja wa kamati awe na futi na ramani ile ya manila. Kimo cha tuta hupimwa kabla lami haijapoa. Slabu huhesabiwa. Rangi ipakwe baada ya masika, sivyo mtaichora kwa ajili ya matope. Fundi atawaona wasumbufu, mpeni chai.

Wakati huohuo shuleni, walimu wawatoe watoto wakavuke kweli, barabarani, sio ubaoni: kulia, kushoto, kulia tena, na pasipo na njia ya pembeni watembee wakitazamana na magari. Wavushaji wawe watu wazima wenye fulana za kung'aa. Kumpa mtoto wa miaka 12 kibao asimamishe lori sikubaliani nako, hata kama linapendeza kwenye picha.

Hatua ya tisa: rudi na simu yako

Mwezi mmoja baada ya kazi kuisha, kisha miezi mitatu, kisha mwaka, pimeni magari 100 mahali palepale, saa zilezile. Namba ya 85 ikiwa imeshuka kutoka 58 hadi 35, kazi imefanyika. Ikiwa imebaki 50, matuta ni bapa mno au yamewekwa mbalimbali mno, na mna takwimu za kurudi nazo. Hesabuni tena wanaovukia kwenye zebra na wanaovukia nje yake. Watu wakiikwepa, zebra ndiyo iko pabaya.

Mtu mmoja akabidhiwe daftari. Kwetu analo muuza chipsi, yule wa ubao. Kila mwisho wa mwezi anaandika slabu iliyovunjika, taa iliyozima na rangi iliyofifia, mwenyekiti anapeleka orodha TARURA. Ubao wake bado upo, ila siku hizi anaupangia chupa za soda.